Wasomaji Wanauliza: Likizo ya Julai, Watoto wa Ughaibuni na Kazi za Kujitolea Pwani

Shule za Ulaya na Amerika zikifunga, ndege za Mombasa, Dar na Zanzibar hujaa familia zinazokuja kusalimia. Barua za miezi hii zimeuliza jambo moja kwa njia nyingi: watoto wakishaogelea na kushiba mahamri ya bibi, wapelekwe wapi wakaone watu wanaofanya kazi kwa hiari, na wao wenyewe watie mkono? Barua tumezifupisha.

*Salaam aleikum wahariri. Tunaishi Leicester, watoto wetu wana miaka 14, 10 na 5. Tunakwenda Mombasa kwa bibi yao wiki 4. Kampuni moja ya huku inauza "siku 3 na mayatima": watoto wanacheza nao, wanawafundisha Kiingereza. Mume wangu ameshawishika, mimi moyo unasita. — Mama watatu, Leicester*

Waaleikum salaam, mama. Moyo wako usiupuuze. Mtoto wa miaka 4 anayemrukia mgeni mapajani dakika ya kwanza na kulia mgeni akiaga, huyo amezoea kuachwa. Kila wiki analetewa "dada" na "kaka" wapya, na kila wiki wanapanda gari wanaondoka. Wanaofanya kazi ya malezi wanaijua dalili hiyo, na haiwafurahishi.

Lipo na la fedha. Nyumba inayoishi kwa ada za wageni inataka vitanda vijae, na wengi wa watoto wanaolala humo wana mzazi au ndugu aliye hai, ambaye shida yake ni karo na unga. Kenya ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto mwaka 2017. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inayapa malezi ya kifamilia nafasi ya kwanza, na mpango wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudishwe kwa jamaa zao. Kwa hiyo pauni zenu zingelipia kitu ambacho nchi yenyewe inajitahidi kukipunguza. Mumeo muulize hivi: shule ya mwanenu hapo Leicester ingemfungulia darasa mtu asiyejulikana, asiyekaguliwa na polisi, kwa kuwa tu amelipa?

Tafuteni kazi ambayo mkono wa mtoto utashika tope, mchanga, mbegu au takataka za ufukweni, na watoto wengine wawe marafiki wa kucheza nao mpira jioni mtaani kwa bibi. Na kabla ya kulipa chochote, pigeni simu muulize: wiki ambayo hakuna mgeni, kazi hiyo anaifanya nani? Mkitajiwa watu na ratiba, hapo pana mradi. Mkiambiwa "tunawasubiri nyinyi tu", hapo pana maonyesho. Ada ilipwe kwenye akaunti au namba ya malipo ya kikundi kilichosajiliwa, mpewe risiti. Ikielekezwa kwenye simu ya mtu binafsi, ulizeni kwa nini.

Wa miaka 5 zinamtosha asubuhi mbili katika wiki zote 4, saa 2 kila mara, kisha dafu na kuogelea. Wa miaka 10 ataweza asubuhi nzima. Wa 14 ndiye wa kumrudisha siku 3 au 4 mfululizo, maana siku ya kwanza kila mgeni ni mzigo kidogo kwa wenyeji. Kuanzia siku ya tatu ndipo anajua ndoo inakaa wapi bila kuuliza.

*Hamjambo? Nimesikia habari za mikoko ya Gazi, Kwale. Nina watoto wa miaka 12 na 8, tuko Diani Julai yote. Kupanda mikoko kukoje hasa? Tuende siku gani, tuvae nini? Sitaki tuwe watu wa kupiga picha na kuondoka. — Baba wawili, Minneapolis*

Hatujambo, ndugu yetu. Gazi iko kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Nyinyi mkiwa Diani mmeshavuka Likoni, kwa hiyo safari ni fupi. Hapo ndipo ulipo Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013, wa kwanza duniani ambao wanakijiji wenyewe wanauza hati za hewa ukaa inayonaswa na mikoko wanayoitunza. Wanatunza hekta 117, na mapato yameingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wenzao wanatunza hekta 460 kwa mtindo huohuo. Kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya mikoko. Unalipa kiingilio, na ukiagiza siku moja kabla wanapika samaki wa nazi. Anzeni hapo siku ya kwanza, watoto waijue miti kabla ya kushika mbegu.

Siku ya kwenda itafuteni mwezini kabla ya kuitafuta kwenye kalenda ya simu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huwa bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hupwa hadi mwisho karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Huo ndio wakati wa kufanya kazi kwenye tope na watoto. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, na hapo kupwa kwa mchana huangukia alasiri. Tope lililo chini huenda lisifunuke vizuri. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mtu akikupangia "saa 3 kamili kila siku wiki nzima", hajawahi kupanda mkoko.

Viatu viwe vya kamba, vikuukuu, vya kubana mguu. Kandambili tope hula moja moja, na miguu mitupu itachanjwa na chaza waliong'ang'ania mizizi. Suruali ndefu nyepesi, shati la mikono mirefu, kofia. Mama na binti wachukue leso. Gazi ni kijiji cha Waislamu, na nguo za kuogelea ni za Diani. Maji ya kunywa lita 1 kwa kila mtoto, na ndoo nyingine ya maji baridi ibaki garini ya kuoshea miguu.

Sasa kazi yenyewe. Mbegu ya mkoko ni ile ndefu ya kijani, kama kalamu iliyonenepa, mara nyingi sentimita 30 hadi 60. Inaanza kuota ikiwa bado inaning'inia mtini. Iliyokomaa ina shingo ya manjano chini ya kikonyo na huachia ukiigusa tu. Ukilazimika kuivuta, bado. Igeuzegeuze mkononi: yenye vitundu vidogo imeshaliwa na wadudu, itupe. Ncha nene iliyochongoka ndiyo inayoingia chini. Watoto wengi huigeuza, kwa kuwa upande mwembamba wa juu ndio unaofanana na mkuki, na mche uliopandwa kichwa chini hufa bila mtu kujua sababu. Sukuma kwa mkono hadi karibu theluthi moja ya urefu, ukisikia imeshikwa na tope acha. Ikizama hadi nusu itaoza, ikiwa juujuu bamvua inayofuata itaichukua. Kutoka mche hadi mche mita 1; kateni kamba ya mita 1 mfungie fundo kila mwisho, mmoja ashike huku, mwingine kule. Mtoto wa miaka 8 akipewa kamba hiyo anakuwa msimamizi wa familia nzima, na safu inanyooka.

Familia moja ikipanda miche 100 vizuri asubuhi moja, imefanya kazi. Mkisikia watu wanajisifu kwa maelfu, waulizeni mingapi ilikuwa hai mwaka uliofuata.

Maana mikoko mingi inayopandwa kwa sherehe hufa, na mara nyingi sababu ni ileile: mti usio wake umepandwa mahali pasipo pake. Miti ya msitu wa mikoko ni ya aina kadhaa: ukingoni mwa bahari, penye mawimbi, ni pa mlilana. Mkoko wenyewe hukaa nyuma yake, mkandaa na muia nyuma zaidi, na mchu una tabia ya kutokea pande zote mbili, baharini na nchi kavu. Mbegu ya mkoko ni kubwa na rahisi kuokota, basi watu huichomeka popote penye tope, hata uwanda mtupu wa mbele ambako haijawahi kuota. Hapo hupigwa na mawimbi au kuvamiwa na vijikombe vya bahari vinavyoganda shinani hadi uzito unaulaza mche. Mkifika, muulizeni mwenyeji: hapa zamani ulikuwepo mti gani, na uliondoka kwa nini? Kama ulikatwa boriti, kupanda kutasaidia. Kama mchanga umefunika au maji hayafiki tena, mtapanda mpaka mchoke.

Kuna kazi nyingine ambayo wageni huiruka kwa kuwa haipendezi pichani, nayo ni kitalu. Mbegu za mchu ni ndogo, bapa, na hazichomekwi kama za mkoko. Hulowekwa usiku mmoja hadi ganda livuke, kisha huwekwa juu ya tope kwenye viriba, kivulini, mahali ambapo maji kujaa yanafika. Kujaza viriba 60 ni kazi ya asubuhi ya watoto wawili, na ndiyo ambayo kikundi hukosa mikono ya kuifanya. Semeni mapema kwamba mtajaza viriba. Mtapokelewa kama watu wa nyumbani.

Mkitoka, pitieni njia mliyoingilia. Vile vijiti vinavyochomoza topeni chini ya mchu kama penseli ni mizizi ya kupumulia; familia ya watu 4 ikikanyaga ovyo huharibu zaidi ya ilichopanda.

*Mpwa wangu ana miaka 17, shule yake huku Ontario inataka saa 40 za kujitolea kabla ya kumaliza. Anataka kufundisha shule ya msingi Kilifi mwezi wa 8. Inawezekana? — Shangazi, Toronto*

Shangazi, akienda Kilifi Agosti atakuta geti limefungwa. Shule za Kenya humaliza muhula wa pili mapema Agosti na kufungua mwishoni mwa mwezi. Tanzania ni kinyume: hufunga mwanzoni mwa Juni na kurudi Julai, hivyo Agosti watoto wako darasani. Lakini hata shule ikiwa wazi, kijana wa miaka 17 asiye mwalimu atamwondoa mwalimu ubaoni, na akishaondoka mwalimu arudie somo.

La pili ni uhamiaji. Kibali cha kuingia Kenya kinachoombwa mtandaoni tangu Januari 2024, dola 30, ni cha kutembea. Visa ya kawaida ya Tanzania, dola 50, au 100 kwa wenye pasipoti ya Marekani, nayo ni ya kutembea. Kujitolea, hata bila mshahara, kwa macho ya uhamiaji ni kazi, na kuna vibali vyake ambavyo taasisi inayompokea ndiyo hushughulikia. Kutembelea mradi nusu siku ukalipa kiingilio ni utalii. Kukaa wiki 3 una zamu na msimamizi ni jambo jingine. Mradi unaomwambia "sema tu umekuja kutalii" unamtanguliza yeye kwenye kosa, wenyewe wakibaki nyuma. Kama mzazi wake mmoja alikuwa raia wa Kenya alipozaliwa, naye ni raia kwa kuzaliwa kwa Katiba ya 2010, hata akiwa na pasipoti ya Canada. Mkianza sasa kumtafutia hati, suala hilo linakwisha.

Ushauri wetu: saa 40 azimalize Toronto kabla ya kupanda ndege. Asipotaka, basi mkuu wa shule yake aikubali shughuli hiyo kwa maandishi kwanza. Saa zilizofanywa bila idhini, hata zikiwa na mhuri, huenda zisihesabiwe.

*Assalaam aleikum. Tuko Muscat, asili yetu Unguja. Julai tunataka kuwaonyesha watoto kasa wakitotoka Mafia na papa potwe pia. Tujipangeje? — Bwana na Bibi S., Muscat*

Waaleikum salaam. Papa potwe tuwaondolee mapema: msimu wake Mafia ni Oktoba hadi Machi. Atakayewauzia safari ya potwe Julai anawauzia upepo, na upepo wenyewe ni kusi. Kiangazi chenu cha joto la Muscat ni kipupwe chetu. Bahari inachafuka, jioni watoto watataka sweta. Mkipita baharini kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, chukueni chombo cha asubuhi kabla upepo haujashika kasi, na wenye kutapika wakae katikati ya chombo, nyuma kidogo.

Kasa, hapo mmelenga. Mafia watoto wa kasa hutotoka zaidi kati ya Juni na Septemba, na penye kuonekana kwa urahisi ni ufukwe wa nje wa kisiwa cha Juani. Shirika la Sea Sense limefunza wenyeji kulinda viota: wanatembea ufukweni alfajiri, wanaandika tarehe kasa alipotaga, na kiota kilicho hatarini kufikiwa na maji wanakihamisha siku hiyohiyo. Mayai hukaa mchangani kama siku 50 hadi 65, kutegemea joto. Joto hilohilo ndilo linaloamua watakuwa wake au waume, mchanga wa moto ukizaa majike zaidi. Ndiyo maana tarehe ya kutotoka hawawezi kukuahidi mwezi mzima kabla. Wanakadiria, kisha wanathibitisha siku chache kabla. Familia inayokwenda Mafia usiku mmoja inacheza bahati nasibu. Wekeni usiku 4, toeni taarifa mkifika, mkae tayari kuitwa. Boti ya kutoka Utende nayo hungoja maji yajae, kisha mnavuka kisiwa kwa miguu. Ada mnayolipa inagawanywa, na sehemu yake inarudi kijijini; aliyekuwa akichimbua mayai zamani leo ana sababu ya kuyalinda.

Kwenye kiota, kazi ya watoto ni moja na wataipenda. Mtoto wa kasa ana urefu wa sentimita 5 na uzito wa kama gramu 25. Unyayo wa baba mtu mzima kwake ni korongo: anatumbukia, anapapatika, na kaa yuko jirani. Kabla kasa hawajaachiwa, watoto wenu walainishe mchanga kwa viganja kutoka kiotani hadi maji yanapoishia, upana wa mita 2, kisha wote wasimame kando, asibaki mtu baina ya kiota na bahari. Wasiwashike wala kuwabeba "kuwasaidia". Safari ile ya mchangani wanaihitaji, na jike akikua hurudi kutaga eneo alikozaliwa. Kamera bila mwanga. Ikiingia magharibi, tochi iwe nyekundu au izimwe, maana mtoto wa kasa hufuata penye weupe, akidhani ndiko bahari.

Na mkipita Unguja kusalimia: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kununua bima ya huko, dola 44 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 3 hadi 17, hata akiwa na bima nyingine. Bima hiyo ya Zanzibar haihusu Mafia, iliyo mkoa wa Pwani. Ila nyinyi wa Muscat mna Ras al-Jinz, kasa wanapanda hapo kutaga. Wapelekeni watoto kabla ya safari, waone mama kwanza na watoto baadaye.

*Mimi ni mtoto wa Tanga, nimeugua malaria utotoni zaidi ya mara kumi na niko hai. Daktari wa hapa anataka wanangu wote na mimi tunywe vidonge wiki tano. Ni lazima? — Mama Tanga, Copenhagen*

Mama Tanga, kinga uliyokuwa nayo ulipewa na mbu wa Tanga kwa kuumwa kila msimu. Ukikaa Ulaya miaka michache inapungua sana, na wanao waliozaliwa huko hawakuwahi kuwa nayo. Katika nchi za Ulaya wanaorudi na malaria mara nyingi ni watu kama nyinyi, waliokwenda kwao kusalimia, kuliko watalii wa hoteli, kwa sababu hiyohiyo ya "mimi ni wa huku". Kunyweni.

Hesabu inayowachanganya watu ni ya Malarone, au dawa nyingine yenye atovakwoni na proguanili. Unaanza siku 1 au 2 kabla ya kufika, unaendelea kila siku uliyopo, kisha siku 7 baada ya kuondoka. Kukaa siku 28 ni vidonge vya siku 36 au 37, na wengi huacha uwanja wa ndege wakidhani wameshamaliza. Zile siku 7 za mwisho ndizo zinazoua vimelea vilivyojificha kwenye ini siku za mwisho za safari. Mtoto hupimwa kwa kilo, si kwa umri. Kwa kawaida wa kilo 11 hadi 20 ni kidonge 1 cha kitoto kwa siku, 21 hadi 30 vidonge 2, 31 hadi 40 vidonge 3, zaidi ya hapo kidonge 1 cha mtu mzima. Mpimeni mwezi wa safari, maana wa kilo 20 mwezi Machi huenda Julai amepanda daraja, na daktari athibitishe dozi. Kimezwe na chakula au maziwa. Tumboni patupu hakifyonzwi vizuri. Akitapika ndani ya saa 1, arudie.

Vidonge havifuti chandarua. Mafuta ya jua yatangulie, ya mbu yafuate juu yake. Na homa yoyote mkisharudi, hasa miezi 3 ya mwanzo, mwambieni daktari neno "Tanga" kabla hajawaambia ni mafua.

Mkipanga kutoka Mombasa kwenda Tanga kwa basi, pale mpakani Horohoro mtaulizwa kadi ya homa ya manjano, hata kama mlipotoka Denmark hamkuihitaji. Chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, na ni ya maisha. Kichocho kiko kwenye maji baridi ya mito na madimbwi. Baharini na kwenye mikoko hamkipati.

*Tumekusanya masanduku 4 ya nguo, viatu na vitabu vya watoto kwa ajili ya shule ya kijijini kwetu. Wengine wananiambia nisibebe. — Kaka mkubwa, Columbus, Ohio*

Kaka, nguo za Ohio zilishatangulia kwa meli, ziko sokoni Kongowea, Mombasa, kwenye marobota ya kilo 45, na kuna mama anayesomesha kwa kuziuza. Sanduku lako halimpi mtoto kitu ambacho soko halina. Vitabu vya Kiingereza vya kusoma usiku na mzazi, darasani havilingani na mtaala. Vingi huishia kabatini kwa mwalimu mkuu, vimefungiwa visichafuke. Dawa za kugawa usibebe kabisa.

Mpigie mwalimu mkuu mwezi mmoja kabla, usimuulize "mnahitaji nini", atakujibu "chochote". Muulize mwezi uliopita shule ilikwama wapi. Utasikia tangi linavuja, madawati 12 yamevunjika, wasichana wanakosa siku kila mwezi kwa kukosa taulo. Seremala yuko palepale, taulo ziko dukani palepale, na hadithi za Kiswahili zinauzwa Nairobi na Dar. Fedha ipite akaunti ya shule kwa risiti, kamati ya wazazi ikijua. Kama mkono mtupu unakutia aibu, beba mipira 3 ikiwa haina upepo, pampu 1 na sindano 10. Mpira bila sindano ni zawadi ya wiki mbili.

Na usifungashe kwa mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku 28 Agosti 2017, Tanzania 1 Juni 2019. Ile ya dukani uwanja wa ndege iache ndegeni.

*Sisi tuko Dodoma, hatuko ughaibuni. Haya yote ni ya wenye dola? — Mama Juni, Dodoma*

Hapana, mama, na viingilio vya wenyeji ni vya chini sana. Beba kitambulisho cha taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bila hivyo mtatozwa kama wageni. Likizo yenu ya Juni inaanguka mwanzoni mwa kutotoka kwa kasa Mafia, kabla hoteli hazijajaa wa Julai. Mkienda, mwisho wa Juni ni bora kuliko mwanzo.

*Mwanangu wa miaka 13 anarusha kila kitu mtandaoni. Nimzuie? — Baba, Birmingham*

Mikoko, kasa, tope hadi magotini, arushe. Sura ya mtoto wa mtu mwingine, asirushe mpaka mzazi wake akubali, na Kenya jambo hilo limo kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mahali kiota cha kasa kilipo asipataje wala asiache ramani ya simu ipataje. Wapo bado wanaotafuta mayai.